BMX ya Bomba la Maji

Juzi nilikuwa Kariakoo kumtafutia mwanangu wa mwisho baiskeli. Kijana wa dukani, mwenye maneno mengi kama redio ya kinyozi, akainyanyua BMX moja kwa vidole viwili, akaizungusha hewani, akaniambia, mama, hii ni nyepesi balaa, mtoto akiipanda inaruka yenyewe. Nikamuuliza, wepesi ndiyo nini? Akanitazama kama anayejiuliza huyu mama katokea wapi. Nilitaka nibishane naye, na mie kwa kubishana sijambo, lakini nyuma ya duka kulikuwa na fundi anachomelea stendi ya jiko, na ile harufu ya chuma kilichoungua ikanifika puani. Nikasahau nilichotaka kusema. Nikabaki nimesimama na pochi yangu kwapani, mwanangu ananivuta mkono, na machozi yananitoka. Yule kijana akadhani ni bei, akaanza kunipunguzia.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa Gerezani. Alikuwa na banda la mabati analochangia na mwenzake, fundi Mapunda wa Songea, mtu mpole mwenye kicheko cha taratibu. Walitengeneza mageti, madirisha, mikokoteni, vitanda vya chuma, chochote mteja atakachochora kwenye karatasi. Sisi tulikaa Kariakoo kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, wapangaji kila chumba na mambo yake, uani choo kimoja na bomba moja. Kaka zangu wawili walikuwa wameshaoa na kuondoka. Nilibaki mie peke yangu, kitinda mimba, nimedeka mpaka nimeharibika.

Mtaani kwetu mwaka ule homa ilikuwa BMX. Na kila homa ina mgonjwa wake wa kwanza, wetu alikuwa Idi. Mjomba wake alimletea ya mtumba iliyoshuka na meli, ya aluminiamu, rangi ya fedha, na Idi alikuwa akiinyanyua juu ya kichwa chake kila anapoona watu. Sijui nani alianzisha, lakini ukawa ndiyo utaratibu wetu: kila Jumamosi, sie wa chuo cha Kurani tukishatoka kwa mwalimu na kina Joseph wakiwa wanatungoja nje, tunasukuma baiskeli zetu mpaka kwa Mama Tuma, muuza viazi wa jumla pale sokoni, tunazipima kwenye mizani yake ya magunia. Yeye alikuwa mama wa Njombe, mkali wa mdomo na laini wa moyo, na mizani yake haikuwa na kazi sana mchana ule. Baiskeli nyepesi kuliko zote, mwenyewe ndiye mfalme mpaka Jumamosi ijayo. Anachagua njia, anaruka wa kwanza kwenye ubao wetu tulioegesha juu ya tairi bovu.

Basi ikawa vita ya kilo. Watu waling'oa madigadi. Wakang'oa stendi, wakang'oa kengele, halafu wakang'oa na breki, wakawa wanasimama kwa kukanyaga tairi na kandambili. Joseph alikwangua rangi yote kwa kisu. Mmoja alitoa upepo kwenye tairi kabla ya kupima kwa sababu aliamini upepo nao una kilo, na wallahi tulibishana juu ya jambo hilo wiki nzima. Mama Tuma alikuwa akitutazama akitikisa kichwa. Siku moja akasema tupande na wenyewe juu ya mizani, tukiwa tumezishika baiskeli zetu, maana barabarani haiendi baiskeli peke yake. Tulipopima ikaonekana Idi na aluminiamu yake wanazidi kilo mtoto yeyote mwembamba na chuma chake. Nani akubali? Tukamwambia mama, wewe uza viazi.

Mie sikuwa na baiskeli hata ya kupima. Nilikuwa msichana pekee katika kundi lile, nakimbia nyuma yao kwa miguu. Nikamlilia Baba. Nikamwambia nataka BMX nyepesi, nikalikariri neno nyepesi mpaka nikajichosha. Baba akasema nyamaza, nitakutengenezea mwenyewe. Ikapita kama wiki mbili. Jioni moja akaja nayo begani kwa Mapunda, imefunikwa shuka, wapangaji wote wakatoka uani kuiona. Ilikuwa ya bluu, bluu ile ile ya mageti yake. Bomba lake lilikuwa bomba la maji, nene, na kila kiungo kina uvimbe wa chuma kilichoyeyushwa na kupozwa. Kila mtu alisema mashallah. Mie nilisema ahsante Baba kwa nusu mdomo, na aliisikia ile nusu.

Jumamosi mizani ya Mama Tuma ikasema kilo ishirini na moja. Ya Idi ilikuwa kumi na moja. Wakacheka mpaka wateja wakageuka. Kuanzia siku ile baiskeli yangu ikaitwa Mkokoteni. Nikitokea kwenye kona wanaigiza wale wasukuma mizigo wa sokoni: pisha, pisha, mzigo unakuja! Na nisiwe mwongo, mimi ni mtu mzima sasa: ya Idi ilikuwa nzuri kweli. Aliuvuta usukani kidogo tu, gurudumu la mbele likanyanyuka. Mie nikivuta, naonekana nang'oa mhogo. Kwenye ule ubao wetu yeye alipaa, mie nilishuka tu upande wa pili kama mtu anayeshuka ngazi. Sikuwahi kuanguka, hilo nililiona baadaye. Wakati ule nilikuwa nahesabu vicheko.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua mabomba membamba yapo. Nilikuwa nimeyaona bandani, kifungu kizima kimeegeshwa pembeni, safi, hayajaguswa. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja nikafunga hesabu: Baba anaweka yale mazuri kwa ajili ya wateja, mtoto wake wa kike anampa yaliyobaki ya mabomba ya choo. Nikaanza kumchukia kwa siri. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, nikawa nakaa mbali naye wakati wa chakula.

Mambo mengine nilikuwa nayaona, ila niliyasoma kinyume. Niliona Baba anapomimina chai anatumbukiza kidole kwenye ukingo wa kikombe, nikadhani anapima moto. Nilimwona akimaliza kazi anapapasa kila kiungo kwa vidole, taratibu, macho yake yakitazama kwingine, nikadhani anajivunia. Dirisha la maua, lile la mikunjo mikunjo ambalo yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa nalo Gerezani nzima, alikuwa ameacha kulitengeneza, kazi hiyo anampa Mapunda. Nikadhani amechoka nalo. Na kila alasiri Mama alikata kiazi kibichi vipande vyembamba, akamlaza Baba mkekani, akambandika kipande kila jicho. Mafundi wote wa kuchomelea walifanya vile, moto ule unachoma macho. Kwangu ilikuwa jambo la kawaida kama kunawa miguu.

Siku iliyovunja subira yangu Idi alinipita akanigonga usukani kwa makusudi, akaniambia niende nikabebe viazi. Nikarudi nyumbani nimevimba. Baba alikuwa kibarazani. Nikamwambia, mbele ya jirani, kwamba angekuwa ananipenda angetumia bomba jembamba, na kama hajui kutengeneza angesema tu. Maneno ya namna ile kwa mzazi, katika nyumba yetu, yalikuwa na kofi lake. Mama aliinuka. Baba akamzuia kwa mkono, akaniambia kesho nikitoka shule nipitie bandani.

Nikaenda. Alikuwa peke yake, Mapunda alikuwa amesafiri kwao Songea kwenye msiba, angekaa huko kama wiki mbili. Baba alikuwa ameshakata mabomba mawili membamba, ameyabana kwenye jiliwa, yamegusana vizuri. Akanipa kinyago cha Mapunda chenye kioo cheusi, akanionya nisikitoe usoni hata kidogo. Mwenyewe akainama, akaweka kijiti chake cha kuchomelea, akawasha.

Kwenye kile kioo dunia yote inakuwa giza, unabaki na nukta moja ya kijani inayotembea. Niliiona ile nukta ikianza. Haikuwa kwenye kiungo. Ilikuwa upana wa vidole viwili pembeni, juu ya bomba zima, na bomba likatoboka palepale. Akazima. Akapapasa, akaungua kidole, akakinyonya. Akaanza tena, akatoboa tena. Mara ya tatu nukta ilikuwa mbali zaidi, na yeye alikuwa ameinama kwa makini yote, mgongo umekaza, anachomelea mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuunga.

Nikasema, "Baba, siyo hapo."

Akasimama. Akanyanyua kinyago. "Wapi?"

"Kushoto kidogo."

"Kushoto kwangu au kwako?"

Nilikuwa nimevua kinyago, namtazama machoni, na macho yake yalinipita begani kidogo tu, yakatua kwenye bati lililokuwa nyuma yangu. Baba yangu hakuwa ananiona. Pengine aliona umbo langu, kivuli na nguo nyeupe ya shule.

Tukakaa kwenye kitanda cha mteja ambacho hakijaisha. Akanieleza taratibu, sauti ileile anayotumia kumweleza mteja kwa nini kazi itachelewa. Macho yameanza kufifia muda mrefu, kuanzia pembeni kuja katikati. Bomba jembamba halisamehe, mkono ukichelewa kidogo limetoboka, linataka jicho. Bomba nene lina huruma. Unalipapasa kwa ncha ya kijiti mpaka unausikia ukingo, unawasha, hata ukikosea kidogo linashika. Baiskeli yangu aliifanya mwenyewe yote, hakutaka Mapunda aguse hata kiungo kimoja. Alipomaliza aligonga kila kiungo kwa nyundo, halafu akamwambia Mapunda asimame juu yake aruke. Nilitaka isikuangushe, akasema. Halafu akasema nisimwambie mama yangu.

Nilikubali kwa kichwa, nikakumbuka, nikakubali kwa mdomo. Ningekubali chochote siku ile, nilikuwa na aibu ya kutaka kuingia ardhini.

Lakini kabla sijaondoka niliona pale nyuma ya banda kitu kingine. Yalikuwa mabomba membamba yamekatwa urefu wa kiuno, mengi, na mengine yameshaungwa. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni kinga za ngazi ya nje, nyumba moja ya ghorofa mbili kule Buguruni, mwenye nyumba anataka mabomba membamba na anazitaka Ijumaa. Na Mapunda yuko Songea. Nikapitisha mkono kwenye kinga moja iliyokwisha, nikaisukuma kidogo tu. Ilicheza. Baba alikuwa akiifagia sakafu, hakusikia. Nikamuuliza nyumba hiyo wanakaa nani, akasema watu na watoto wao, nani mwingine.

Siku mbili sikula vizuri. Ukisema, unamwondoa baba yako kwenye kazi aliyoifanya tangu hajamwoa mama yako. Ukinyamaza, mtoto wa mtu ataegemea lile bomba. Mie mdomo wangu siku zote ulikuwa mwepesi, kila mtu mtaani alilijua hilo, na siku zile mbili ulikuwa mzito hata kwa shikamoo. Alhamisi alasiri Mama alikuwa amekaa uani na kisu, anakata kile kiazi, vipande vyembamba, anavipanga kwenye sahani ya maji. Nikakaa karibu yake.

Nikamwambia, "Mama, viazi havitasaidia."

Hakuniuliza nina maana gani. Aliendelea kukata mpaka kiazi kikaisha, akafuta kisu kwenye khanga. Akasema amejua tangu Ramadhani, alimwona akitafuta tende iliyokuwa mbele yake. Alikuwa anamngojea aseme mwenyewe, mwanamume anataka kuachiwa lake la kusema. Nikamweleza habari ya kinga za ngazi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akajifunga khanga ya pili, akatoka.

Kinga zile hazikufungwa. Mama alikwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe akamwambia fundi anaumwa, na Mapunda alipoitwa akarudi kuzifanya upya zote. Baba alipelekwa hospitali. Tukaambiwa ni presha ya macho, nuru iliyokwenda haitarudi, atatiwa dawa ya matone ili ibaki iliyobaki. Na moto asiuguse tena. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mmoja alikuja na methali ileile, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba alimsikiliza wa kwanza na wa pili. Wa tatu akamjibu kwamba koleo ni zima kabisa, aliyevunjika ni mhunzi.

Mimi hakunipiga, wala hakunigombeza. Asubuhi nilisema shikamoo Baba, akasema marahaba. Jioni hivyo hivyo. Katikati hapakuwa na neno hata moja, siku nane. Heri angenichapa. Nilitoka na baiskeli yangu nikazunguka mitaa peke yangu, sikupita kwa Mama Tuma wala kwenye ubao wa kina Idi. Nilikuwa nimejua sasa kila uvimbe kwenye lile bomba umewekwa na mtu asiyeona, na nilikuwa nikiupapasa kwa kidole gumba wakati nimesimama kwenye makutano.

Siku ya tisa Mama akaniambia nikamchukue Baba Gerezani. Alikuwa amekwenda kumkabidhi Mapunda vyombo vyake, kaka yangu alimfikisha asubuhi akaenda kazini, sasa hana wa kumrudisha. Nikaenda na baiskeli, sikuwa na akili ya kuiacha. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda, mikono magotini, mikono safi. Sijawahi kuiona mikono yake ikiwa safi saa kumi alasiri. Nikamwamkia.

Akaitikia. Halafu akanyoosha mkono, akaupata usukani, akashuka nao mpaka kwenye bomba la kati, akakigonga kiungo kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi.

"Itatubeba wote wawili?" akauliza.

"Si umeichomelea wewe."

Akacheka. Kicheko kifupi cha puani, lakini kilikuwa kicheko. Nikamshikia akakaa kwenye siti, miguu ameitanua pembeni, mikono yake mabegani mwangu. Mie nikasimama juu ya pedali. Wallahi ile baiskeli haikulia hata kidogo. Kilo ishirini na moja, na mtu mzima, na mimi, tukaondoka tunayumba mwanzo, halafu tukanyooka. Tungekuwa juu ya ile ya Idi ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

Akasema tusiende moja kwa moja. Nipitie mitaa ya nyuma, kwenye mageti yake. Alikuwa akijua kila moja lilipo, na tukikaribia alikuwa akiniuliza kabla sijamwambia. Hili la nyumba ya ghorofa, la mishale juu, lipo? Lipo, Baba. Wamelipaka rangi? Wamepaka kijani. Akaguna, kijani hakukipenda. La karibu na msikiti? Lipo. Linafunga? Linafunga, nimeona mtu anafunga sasa hivi. Watu walikuwa wakitupisha na wengine wanacheka kuona binti mdogo anamwendesha mzee, na Baba anawapungia mkono upande ambao hawakuwepo.

La mwisho lilikuwa kwenye kona ya pili kabla ya kwetu, geti kubwa la milango miwili. Alilitengeneza mwaka niliozaliwa, alikuwa akiniambia hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikapunguza mwendo. Akaninong'oneza sikioni, kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

"Lile langu kubwa. Limesimama vipi?"

Nikalitazama. Bawaba ya juu ilikuwa imekatika, mlango mmoja umelala upande, wameufunga na waya kwenye mti wa umeme.

"Limenyooka, Baba," nikasema. "Limenyooka kabisa."

Akanibana mabega kidogo, akasema basi twende nyumbani.